Ukurasa wa Randa

Siku Kitinda alipofanikiwa kuifanya kompyuta yake iandike "Habari, dunia," dunia haikumjibu. Aliyegeuka ni baba yake, kwenye kiti chake cha dirishani, kutazama ni kitu gani kimemchekesha mwanamke mzima peke yake sebuleni. Kitinda akamwonyesha kioo. Baba akasoma, akainua nyusi, akarudi kutazama barabara. Mtu aliyezoea kusimamisha umati kwa neno moja hatishwi na salamu ya kompyuta.

Kitinda, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa karani wa duka la fotokopi. Watu walimletea barua zao, kesi zao na tanzia zao, naye akazipiga chapa bila kuulizwa maoni. Kazi ilimchosha roho. Ndipo akaanza kujifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mtandaoni, na kutoka hapo akafika kwenye kifurushi kidogo cha kujengea tovuti, ambacho mwalimu wa somo alikisifu kama muuza sabuni. Ni chepesi, alisema mwalimu. Hakikulazimishi kitu. Unaandika mistari michache, una tovuti. Ukihitaji zaidi, unaongeza mwenyewe. Na kweli, kilikuwa chepesi. Shida ya vitu vyepesi ni kwamba havikuletei usichoomba, na anayeanza hajui aombe nini.

Baba yake alikuwa mnadi. Miaka na miaka alisimama juu ya meza katika uwanja wa mnada, akiuza makabati, baiskeli, majiko na vyombo vya watu waliohama au waliokufa, na aliuza kwa mdomo tu. Alikuwa na mdomo, yule mzee. Angeweza kukuuzia koti lako mwenyewe ukaondoka unashukuru. Kisha uvimbe ukaota kooni, madaktari wakaukata, na sauti ikaenda na uvimbe. Alirudi nyumbani na kitambaa shingoni na kimya ambacho hakuna aliyejua akiweke wapi.

Kuandika kwenye karatasi alikataa. Mkono ulimtetemeka, na shule aliiacha mapema. Hakutaka mtu yeyote, hata bintiye, aone herufi zake zimelala chali. Akiita, alipiga makofi. Ukimwendea hukujua anataka maji au anataka kufa. Ujumbe wa simu nao haukufaa, maana Kitinda alizoea kuizima sauti ya simu yake dukani na kusahau kuiwasha.

Basi Kitinda akamjengea ukurasa. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kweli baada ya ile salamu kwa dunia. Baba anaandika kwenye simu yake, anabonyeza "Tuma," na kule jikoni, kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka ambayo Kitinda aliibandika ukutani, maneno yanatokea kwa herufi kubwa. Chai. Dawa. Funga dirisha. Akaweka na kitufe cha "Futa," ili mtu aweze kuondoa maneno yaliyokwisha kazi.

Maneno hayo aliyahifadhi kwenye orodha tu, ndani ya programu yenyewe. Mwalimu alisema hivyo hivyo: kwa sasa tutatumia orodha, mbele ya safari tutaweka hifadhidata, ghala la kudumu la maneno. Kitinda hakufika mbele ya safari. Alikuwa na haraka ya mtu ambaye baba yake anapiga makofi.

Kitu kilichompendeza kuliko vyote ni jinsi seva, ile programu inayoupeleka ukurasa kwenye simu, ilivyojiamsha yenyewe. Unabadilisha rangi ya kitufe, unahifadhi faili, na mara ukurasa una rangi mpya. Kwenye dirisha jeusi la kompyuta unapita mstari mmoja kusema kwamba seva inaanza upya, kisha kimya. Aliuona mstari ule mara nyingi mno, hata ukawa kama kikohozi cha jirani. Na kila mara, baada ya kucheza na rangi zake, maneno ya jikoni yalikuwa yametoweka. Kitinda alidhani baba ameyafuta. Baba alidhani Kitinda ameyafuta, naye aliridhika, kwa sababu nani anataka kuwekewa kumbukumbu ya kuomba chai? Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nyumba nyingi huendeshwa hivyo na mara nyingi hazianguki.

Sasa ni lazima nimtaje kaka yake, ingawa katika nyumba ile hakuwa akitajwa.

Kaka alikuwa seremala, watu wakamwita Randa. Ufundi alifundishwa na mjomba, ndugu wa marehemu mama yao, ambaye alipokufa alimwachia patasi zake, misumeno yake, jiliwa na meza ya kazi iliyoliwa na miaka. Randa alivitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Halafu akapata kazi ya kutengeneza madawati mji wa mbali, akaviacha vyombo vile bandani kwa baba yake. Uviache wapi tena, kama si kwa baba yako?

Siku moja mnada ulipooza. Mali ilikuwa haba, watu walianza kupiga miayo na kuondoka, na mnadi asiye na watu ni kichaa anayeongea peke yake. Mzee akatuma vibarua nyumbani wakalete vyombo vya bandani. Akavinadi. Kuuza tu kungesameheka siku moja, lakini mzee alitaka watu wacheke. "Mwenyewe ni mwanangu, jamani," alisema, patasi ya mjomba mkononi. "Huyu akipiga msumari, msumari ndio unampiga yeye." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Randa alikuwa amerudi siku hiyo hiyo. Alisimama nyuma ya umati na begi lake. Mara ya kwanza, akaita mzee, kidole juu. Mara ya pili. Hapo macho yao yakakutana. Kati ya mara ya pili na mara ya tatu pana nafasi ya kutosha mtu kushuka mezani, lakini mzee hakushuka. Akaita mara ya tatu, akagonga nyundo.

Tangu hapo Randa hakukanyaga nyumbani. Aliifungia namba ya baba yake kwenye simu, na ni Kitinda tu aliyempigia, salamu fupi za sikukuu na ugonjwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mzee aliusema msemo huo kwa wateja wake mara nyingi, kwa vile ni msemo unaochekesha ukiwa unawahusu wengine.

Kwa hiyo Kitinda alishtuka jioni ile alipotazama ukuta wa jikoni akakuta neno ambalo halikuwa chai. "Randa."

Akaenda sebuleni. Baba hakumtazama. Akaandika tena, kidole kimoja, polepole: "Mtengenezee na yeye ukurasa. Usisome."

Kitinda alikaa kwenye faili lake kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua tangu mama yao afe. Akafungua njia mpya katika programu, ukurasa wa Randa peke yake, wenye neno la siri ambalo Randa angelijua bila kuambiwa, jina la mjomba. Baba angeandika kupitia mlango wake, Randa angesoma kupitia wake. Kitinda angekuwa na funguo zote, kama fundi wa kufuli yeyote, na aliahidi hatazitumia. Alimwapia baba kwa kaburi la mama.

Tatizo lilikuwa moja, na alimweleza baba wazi. Ukurasa haukuwa kwenye intaneti. Uliishi kwenye kompyuta yake, na ulifunguka kwa mtu aliyeunganishwa na waifai ya mle ndani tu. Kuutoa nje kulihitaji mambo ambayo hakuwa amejifunza. Alitegemea baba atakunja uso. Badala yake mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akaandika: "Vizuri. Anayetaka mali aje uwanjani."

Baba aliandika kwa siku kadhaa, alasiri, mgongo kwa mlango. Anaandika kipande, anatuma, anakaa, anaandika kingine. Kitinda akirudi kazini alimkuta na uso wa mtu aliyebeba magunia. Ulikuwa msimu wa mitihani, duka la fotokopi lilifurika, hata hakugusa faili lake. Kompyuta aliiacha imewaka sebuleni, akawakataza wote, yaani baba na paka, wasiikaribie. Alijua kwamba akiizima maneno yatapotea. Hilo alilijua.

Siku baba alipomaliza, aligonga meza kwa kifundo cha kidole, pigo moja kavu, kama nyundo. Kisha akalia. Mtu asiye na sauti analia vibaya sana, mdomo wazi na hakuna kitu kinachotoka, na Kitinda alimshika kichwa akaona kwamba alimpenda mzee huyu pamoja na ulimi wake wote, uliosema na ulionyamazishwa.

Akampigia kaka. Alimwambia baba amekuandikia, sijui kaandika nini, njoo Jumamosi. Randa akauliza kwa nini asitumiwe kwenye simu kama watu wengine. Kitinda akamweleza mambo ya waifai. Randa akacheka kidogo, pua tu. "Mzee na maonyesho yake," alisema. Lakini akasema atakuja.

Asubuhi ya Jumamosi Kitinda alifagia, akapiga deki, akabadilisha mapazia, na bado muda ulikuwepo. Mtu mwenye furaha na muda ni hatari. Akakaa kwenye kompyuta kuhakikisha seva inakwenda, na katika kupitia faili akaona kwamba kichwa cha ukurasa wa Randa bado kinasema "Habari, dunia." Alikuwa amenakili ukurasa wake wa kwanza akasahau kubadilisha. Aibu ikamshika. Kaka yake asafiri kote huko aje kusalimiwa kama dunia? Akafuta maneno yale mawili, akaandika: "Karibu nyumbani, Kaka Randa." Akahifadhi. Kwenye dirisha jeusi ukapita ule mstari, kikohozi cha jirani, kisha kimya.

Angefungua ukurasa kutazama kichwa kimekaaje, angeona. Fundi yeyote angefungua. Lakini aliapa kwa kaburi la mama, naye alikuwa mtoto mwenye kushika neno lake, kwa hiyo hakufungua.

Randa akafika kabla ya saa sita. Alikuwa amenenepa, na mkononi alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti ambacho hakusema ni cha nani. Kwenye kizingiti alisimama kidogo. "Shikamoo, mzee," alisema. Mzee akafungua mdomo kuitikia, na marahaba yake ikawa pumzi tu. Randa hakuwa ameshuhudia hali ile. Kitinda akaona kwamba jambo liko karibu kutengemaa, na kwa adabu akawaachia nafasi. Alimpa kaka anwani ya ukurasa na namba ya siri ya waifai, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Yaliyofuata aliyajua baadaye, kwa vipande.

Randa alikaa kwenye stuli mbele ya baba yake, akafungua ukurasa, akaandika jina la mjomba. Kikatokea kichwa: Karibu nyumbani, Kaka Randa. Chini yake, kwa herufi zile zile nzuri ambazo Kitinda alizichagua kwa makini, yakatokea maneno mawili ambayo programu iliyaonyesha kila orodha ilipokuwa tupu: "Hakuna ujumbe."

Randa akauburuta ukurasa juu, akauburuta chini. Akaufungua upya. Hakuna ujumbe.

Mzee alikuwa akimtazama usoni. Mnadi hutazama uso. Humo ndimo anamoona kama mtu atapandisha bei au ataondoka. Aliuona uso wa mwanawe ukiwa laini, kisha ukishangaa, kisha ukifungwa taratibu. Akaamini kwamba mwanawe amesoma kila kitu, mpaka mwisho, na kwamba hapokei.

"Nimeelewa, mzee," alisema Randa. "Umesema yote. Sina la kuongeza."

Akainuka. Mzee akainua mkono kumzuia. Ulikuwa mkono wa baba anayeomba, lakini ni mkono ule ule, na kidole kile kile kilichoinuka, na Randa aliujua vizuri kutoka nyuma ya umati. Akachukua kifurushi chake akatoka.

Kitinda alirudi na sinia la vikombe akakuta stuli tupu na baba ameugeukia ukuta. Aliweka sinia sakafuni, akakimbia na kanga ya jikoni. Alimpata kaka kituoni, miongoni mwa watu na mizigo yao, akamshika mkono wa shati, akamuuliza amefanya nini.

Randa alimpa simu yake. Ukurasa ulikuwa bado wazi.

Kitinda alisoma kichwa alichokiandika asubuhi, akasoma na yaliyo chini yake. Ule mstari wa kwenye dirisha jeusi ukamrudia. Rangi za vitufe zikamrudia, na ukuta wa jikoni uliokuwa ukibaki mweupe kila alipohifadhi, na baba ambaye hakuwahi, hata mara moja, kugusa kitufe cha "Futa." Aliyaona yote kwa pamoja, na yalikuwa mepesi sana kueleweka. Hilo ndilo lililomuuma.

"Unalikumbuka sanduku?" aliuliza Randa. Alikuwa na sauti ya upole, afadhali angefoka. "Lile alilokuwa analinadi limefungwa. Watu wanapandishiana bei, mmoja analichukua, anafungua mbele ya watu wote, halina kitu. Uwanja mzima unacheka. Mimi nilikuwa ndiye ninayemtengenezea yale masanduku, mdogo wangu. Nikiwa mdogo nilidhani ni kitu cha kuchekesha."

Kitinda akamwambia ukweli. Alisema ni yeye, si baba. Kwamba baba aliandika siku nyingi, alilia, na yeye leo asubuhi alibadilisha kichwa tu, na seva ilipoanza upya orodha ilianza upya pia, tupu. Akisema, alijisikia mwenyewe. Ilikuwa hadithi ya mtoto aliyemwaga maziwa. Alikuwa amepiga chapa barua nyingi za uongo dukani, na hii ya kweli ilisikika vibaya kuliko zote.

"Aliandika nini?"

"Sijui. Nilimwapia sitasoma."

Randa alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Umeanza lini kumtetea?" alisema.

Basi likaja. Kabla ya kupanda alimkabidhi kile kifurushi cha gazeti, kwamba ampe mzee au atupe, yote sawa. Kitinda alikifungua pale pale kituoni. Ilikuwa nyundo ya mnadi, ya mbao nyeusi, iliyochongwa na kupigwa msasa mpaka inateleza mkononi kama sabuni. Ilikuwa kazi ya siku nyingi.

Alirudi akampigia baba magoti. Alimweleza mara mbili, mara ya pili polepole, kwamba Randa hakusoma hata neno, ukurasa ulikuwa mtupu, kosa ni lake. Akamwekea nyundo mapajani. Akamwomba aandike tena, hata mistari miwili, ataipeleka kwa mkono, ataipeleka kwa miguu. Baba aliisikiliza habari hiyo yote, akaigusa nyundo kwa kidole kama mtu anayepima joto la pasi. Halafu akachukua simu yake. Jikoni, ukutani, likatokea neno moja, na Kitinda alilisoma kutoka mlangoni.

"Usimtetee."

Maji yakimwagika hayazoleki, na ningemwambia Kitinda hivyo kama ningekuwa jirani yake, naye angekuwa na haki ya kunifukuza. Usiku ule aliirudia ile sehemu ya somo aliyoiruka. Haikuwa ndefu. Mwalimu, kwa uchangamfu wake ule ule, alieleza kwamba chochote kilichomo kwenye orodha hupotea kila seva inapoanza upya, na kwamba hifadhidata ndogo huongezwa kwa mistari michache tu. Kitinda akaiongeza. Ilikubali mara ya kwanza. Kitufe cha "Futa" akaking'oa.

Randa hapokei simu za Kitinda siku hizi. Ukurasa wake upo, kichwa kiko pale pale, na Kitinda sasa huufungua anavyotaka, maana kiapo hakina tena cha kulinda. Mzee hajauandikia tena. Nyundo iko dirishani, karibu na dawa.

Siku hizi katika nyumba ile hakuna neno linalopotea. Umeme unakatika, kompyuta inazimwa na kuwashwa, seva inaanza upya hata mara ngapi, na ukifungua ukurasa wa jikoni unayakuta maneno yote ya baba yamejipanga kwa tarehe. Chai. Dawa. Funga dirisha. Chai.